Taja, Mshika Ufunguo wa Mafuta

Ufunguo wa stoo ya mafuta nilikaa nao miaka kumi na saba. Siku walipoutoa mfukoni mwangu na kumpa mwanamke mgeni, nilicheka mbele za watu nikasema afadhali, mfuko wangu nao upumzike. Uongo mtupu. Ndani nilikuwa nawaka. Na nikuambie mapema, usije ukadhani nakuletea habari za mtu mwema: yule mwanamke nilimwonea wivu kuanzia kisigino hadi utosini.

Kazi yangu ni jenereta. Kituo chetu kinapokea maziwa ya wafugaji kila asubuhi, tunayapoza kwenye matangi, kisha lori linakuja kuyabeba. Umeme ukikatika, watu wote wananitazama mimi. Kwa miaka hiyo yote injini yangu haikuwahi kugoma maziwa yakiwa ndani, na hilo ndilo lilikuwa jina langu. Wananiita Fundi. Hata mke wangu, ambaye ndiye mpokea maziwa pale mlangoni, tukiwa kazini ananiita Fundi, ingawa nyumbani mimi ni baba watoto.

Stoo yenyewe ni kijumba cha matofali nyuma ya ofisi, kina dirisha moja la nondo. Madumu yote ni ya njano, yale yale yaliyokuja kwanza na mafuta ya kupikia. Dizeli ni ya jenereta na lori. Petroli ni ya pikipiki za wakusanyaji wa maziwa na ya mashine ya kukatia majani. Mafuta ya taa ni ya jiko la kuchemshia maji ya kuoshea vyombo. Mimi niliyatofautisha kwa mahali: dizeli kushoto, petroli kulia, mafuta ya taa chini ya dirisha. Mtu akisogeza dumu hata kidogo, nilikuwa namfokea mpaka anasahau alichofuata.

Watu walidhani ni ukali tu. Haukuwa ukali. Pua yangu ilikuwa imekufa. Nilipata mafua mabaya mwaka mmoja, yakapita, harufu isirudi. Nikasubiri wiki, nikasubiri mwezi, wapi. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Fundi wa injini asiyeweza kunusa petroli, nani atamwachia stoo? Kwa hiyo nilishikilia mahali, na mahali paliniweka mjini.

Mpaka nilipokwenda likizo. Niliporudi nikakuta mtu amefagia stoo na kupanga madumu alivyoona inapendeza. Nami bila kujua nikachota dizeli nikaitia kwenye mashine ya kukatia majani. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Meneja hakunifokea, afadhali angenifokea. Alisema tu kwamba jenereta linanitosha, na kwamba stoo itapata mtu wake. Yule mtu angejaribiwa miezi mitatu. Akiweza, ufunguo ni wake moja kwa moja. Akishindwa, unarudi kwangu.

Ndipo akaja. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, hana maneno mengi. Amevaa aproni yenye mifuko miwili, mmoja umejaa vipande vya vitambaa, mwingine umejaa karatasi za daftari zilizokatwa ndogo ndogo. Siku ya kwanza tu akafunga kitambaa kwenye mkono wa kila dumu: chekundu petroli, cheusi dizeli, cheupe mafuta ya taa. Kisha akasimama mlangoni akatutangazia.

"Hapa hatoki mtu na dumu mpaka ataje. Taja unachobeba, taja unakopeleka. Nikikujibu sawa, ndipo unyanyue."

Tulicheka sana. Watu wa pikipiki walikuwa wanamwigiza getini, mmoja anasema "petroli, naipeleka kwenye pikipiki, mama, nina adabu?" Naye anajibu "sawa" bila kutabasamu. Wiki haijaisha jina lake la nyumbani limeshasahaulika, ni Taja huku, Taja kule. Asubuhi kabla ya kutoa tone, anachovya kijiti kwenye kila dumu, anadondosha kwenye karatasi, anaipachika dirishani. Petroli inakauka upesi, karatasi inabaki safi. Dizeli inaacha doa la mafuta lisilotoka. Mafuta ya taa yako katikati, yanakawia kukauka. Nilimwambia dereva wa lori, kwa sauti ya kusikika, kwamba kituo kimeajiri mwalimu wa chekechea.

Lakini kicheko chao kiligeuka, changu kikabaki peke yake. Haikupita muda pikipiki zikaacha kuzimika njiani. Meneja akaanza kuwaleta wageni waone dirisha la karatasi. Miaka kumi na saba hakuna mgeni aliyeletwa kuona kichwa changu, na humo ndimo stoo yote ilikuwa imekaa.

Nyumbani ndiko kulikoniuma zaidi. Mke wangu alikuwa hamalizi kula bila kumtaja yule. "Leo Taja kamrudisha dereva mara mbili. Leo Taja kakataa pipa la mtu anayetuletea mafuta mpaka alipolipima." Ikafika hatua yuko jikoni anainua kopo anasema, "Natoa chumvi, napeleka kwenye mboga," na binti yetu anamjibu "sawa" huku akicheka. Mimi niko mezani natafuna kimya. Ningemwambia nini? Kwamba sitaki jina la mwanamke mwingine jikoni kwangu? Angeniuliza kama nimerogwa. Hakikuwa kitu cha mapenzi. Sikuogopa atanichukua mimi. Niliona ananichukulia mke, binti, meneja na jina langu, na bado anatembea taratibu na viatu vyake vya kandambili.

Kutaja sikutaja. Nikienda stoo nilikuwa namwonyesha kwa kidole, au nasema "la kawaida". Yeye ananitazama, anasema, "Sijasikia, kaka." Basi nageuka naondoka, namtuma dereva wa lori anichukulie. Dereva anataja kwa niaba yangu kama mtoto anayesoma shairi, mimi nikiwa nyuma ya ukuta nimekunja uso.

Zikabaki siku mbili miezi mitatu itimie.

Jioni hiyo stoo ilikuwa karibu tupu, mtu wa mafuta alikuwa anakuja kesho yake mchana. Ukiacha mafuta ya taa, yalibaki madumu mawili tu: moja la petroli, moja la dizeli. Taja alikuwa amekwenda ofisini kusaini daftari kabla ya kufunga, mlango uko wazi, na mimi nilikuwa pale mlangoni. Sitasema shetani alinipitia. Nilipita mwenyewe. Nilifungua vitambaa viwili nikavibadilisha, chekundu nikakifunga kwenye dizeli, cheusi kwenye petroli. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: wa pikipiki akija asubuhi atapewa dizeli yenye kitambaa chekundu, pikipiki itazimika hapo hapo getini, watu watacheka, meneja ataona. Karatasi zake za asubuhi sikuzihesabu, kwangu zilikuwa mchezo wa chekechea tu. Jenereta langu nitalilinda mwenyewe, kwa kuwa najua siri. Pikipiki haifi kwa dizeli ya siku moja, inamwagwa, inasafishwa, maisha yanaendelea. Hivyo ndivyo nilivyojipooza. Nilikwenda nyumbani nikala vizuri kuliko siku zote za mwezi ule.

Asubuhi nilifika mapema nikajifanya naikaza nati ambayo haikulegea, macho yangu yakiwa getini. Wakusanyaji walikuwa bado hawajarudi. Taja alifungua stoo, akakaa humo kidogo, akatoka akaenda kwenye lori kupima tangi kwa kijiti. Hakunitazama. Nikasema moyoni, subiri, bibie.

Saa tatu kasoro, umeme ukakatika.

Ulikatika wakati mbaya. Maziwa ya asubuhi yalikuwa yameingia tangini yakiwa bado na joto la ng'ombe, mke wangu ana foleni ya wafugaji mlangoni. Tangi la jenereta lilikuwa limebaki na dizeli kidogo chini. Mke wangu akachungulia, akasema tu, "Fundi." Meneja naye akatoka ofisini na kusimama pale. Nikakimbilia stoo. Madumu mawili, yamekaa sakafuni kama nilivyoyaacha, au nilivyodhani nimeyaacha. Nikachukua la kitambaa chekundu, kwa sababu mimi peke yangu duniani nilijua kwamba chekundu ni dizeli.

Taja alikuwa upande wa pili wa lori. Akaniona ninavyotoka mbio.

"Kaka, taja," akaita.

"Najua kazi yangu," nikamjibu, wala sikusimama.

Neno moja tu. Ningesema "dizeli", mambo yangeishia pale. Lakini lile neno lilikuwa lake, na mimi nilikuwa tayari kumeza nati kuliko kulitoa mdomoni kwangu mbele ya meneja.

Nikaweka faneli, nikamimina dumu zima. Nilikuwa na haraka, mafuta yakanimwagikia vidoleni. Nikafunga kifuniko, nikashika ufunguo wa kuwashia. Hapo ndipo niliposikia baridi. Vidole vyangu vilikuwa vya baridi, kisha vikakauka, vikavu kabisa. Dizeli haifanyi hivyo. Dizeli inakung'ang'ania mpaka uoge. Nikasugua kidole gumba na cha shahada, hakuna utelezi. Pua yangu ilinyamaza kama kawaida yake, lakini ngozi ilikuwa inaniambia.

"Mbona huwashi?" meneja akauliza.

Mkono ulikuwa bado kwenye ufunguo. Nikawaza kuwasha. Sitaficha. Nikawaza kwamba injini ikifa baada ya kuwaka, nitasema ni uzee wake. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya injini ile inapopita. Petroli haina ulaini, ingeikwaruza pampu chuma kwa chuma, na kwa heri jenereta. Yaani ningeiua injini yangu ya miaka kumi na saba ili yule mwanamke asinione nimekosea.

Nikaondoa mkono.

Taja alikuwa ameshafika, anahema. Alikuwa amepita stoo na kuona lililobaki. "Usiwashe," akasema, ingawa nilikuwa nimeshaacha. "Hiyo ni petroli."

Meneja akageuka mzima mzima. "Petroli imefikaje kwenye jenereta?"

Taja akajibu yeye. "Dumu limetoka stoo bila kutajwa. Stoo ni yangu. Kosa ni langu."

Meneja alikuwa na maziwa yanayoharibika na wafugaji wanaosikiliza. Hakuuliza zaidi. Alinyoosha mkono, Taja akatoa ufunguo kwenye aproni akampa, na meneja akautia kwenye kiganja changu mimi. "Shika. Na uniondolee hiyo petroli."

Nilikuwa nimeutamani ufunguo ule miezi mitatu. Ulikuwa na joto la mwili wake. Niliutia mfukoni, nikaenda kutafuta mpira wa kunyonyea mafuta.

Hakuondoka. Alishika ndoo wakati mimi naachia valvu ya chini, tukautoa ule mchanganyiko wote, tukasuuza tangi kwa dizeli kidogo kutoka kwenye lile dumu la kitambaa cheusi, tukamwaga tena. Nikabadilisha filta, nikaanza kutoa hewa kwenye mirija. Kazi ya saa nzima na zaidi. Tulikuwa tumechuchumaa uso kwa uso, hakuna pa kukimbilia.

"Ulivirudisha vitambaa," nikasema chini chini.

"Asubuhi nilipopima. Chekundu kilileta doa." Alikuwa anakung'uta ndoo. "Na fundo halikuwa langu. Mimi nafunga kitanzi, wewe unafunga kama unafunga waya."

"Mbona hukusema kwa meneja?"

"Nilikuwa nakusubiri utaje mwenyewe."

Nikakaza nati nisiyohitaji kuikaza. Kisha nikamwuliza lile nililopaswa kuuliza miezi mitatu iliyopita, kwamba haya mambo ya kutaja aliyatoa wapi.

Alikuwa na duka, akasema, duka dogo la mafuta ya taa. Siku moja wakamletea pipa, akalipokea bila kuuliza wala kunusa, maana alikuwa ana haraka ya kwenda kumchukua mtoto shule. Ndani kulikuwa na petroli imechanganywa. Mteja wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Akaweka kwenye jiko lake. Mikono yote miwili iliungua mpaka kwenye viwiko.

"Alipona?"

"Alipona kiasi. Alirudi dukani kwangu, fikiria. Hapakuwa na duka jingine karibu. Akasimama na dumu lake, mikono imekunjamana, akaniuliza, unanipa nini? Nikamwambia mafuta ya taa. Akasema, sema tena. Kila alipokuja nilikuwa nasema mara mbili." Akasimama kumwaga ndoo kwenye pipa la taka, akarudi. "Vitambaa ni vya kwake. Mabaki. Ananitunzia."

Alinitazama kidogo, si kwa ubaya.

"Pua yako ilikufa lini, kaka?"

Nikaangalia mlangoni kuona kama mke wangu anasikia. Alikuwa amebeba kopo la maziwa, amesimama. Alisikia.

Jenereta liliwaka nilipojaribu mara ya tatu. Tangi kubwa lilipona. Tangi dogo lilipopimwa, maziwa yaliganda kwenye kikombe cha majaribio, na mke wangu akayafungulia yakaenda kwenye mfereji mbele ya watu walioyakamua alfajiri. Meneja akanipiga bega, akasema angalau mimi nilishtuka mapema, na kwamba kesho yule mwanamke aje achukue barua yake ya kuachishwa.

Ningeweza kukaa kimya. Taja alikuwa ameshaanza kuvua aproni. Hapo ndipo nilipomwonea wivu kuliko siku zote, maana mimi nilikuwa na ufunguo na yeye alikuwa na moyo wa kubeba kosa mbele za watu, kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho.

"Meneja," nikasema. "Nilibeba petroli nikaipeleka kwenye jenereta. Jana jioni nilibadilisha vitambaa, kwa mkono wangu, ili huyu aaibike. Na pua yangu hainusi. Ina miaka tisa hainusi."

Nilitoa ufunguo nikamrudishia Taja mwenyewe, sikuupitishia kwa meneja. Meneja alinisimamisha wiki mbili bila kazi, na nilistahili zaidi. Jenereta waliniachia kwa sharti moja, kwamba nikichota nitaje kama watu wengine, na nipime kwa karatasi mbele ya Taja. Karatasi, wewe. Kitu cha mtu asiye na pua. Miezi mitatu dawa yangu ilikuwa imepachikwa dirishani, mimi naiita chekechea.

Jioni ile nyumbani mke wangu alipakua chakula, akaketi, hakula.

"Kwa hiyo mboga yangu ulikuwa unaisifu bure," akasema.

"Ilikuwa tamu."

"Ulikuwa unasema inanukia, baba watoto. Kila siku. Hata siku ile iliyoungua ulisema inanukia." Alikuwa anazungusha kijiko mezani. "Miaka tisa uko kitandani kwangu na pua iliyokufa. Na aliyeijua wa kwanza ni Taja."

"Sikumwambia. Aliona mwenyewe."

"Hapo ndipo panaponiuma," akasema. "Kwamba yeye aliona."

Siku hizi naenda stoo asubuhi, nasimama mlangoni, nadondosha tone langu kwenye karatasi, nasubiri. "Dizeli," nasema, "naipeleka kwenye jenereta." Taja anajibu sawa. Sauti yangu inafika mpaka kwa mpokea maziwa, na najua anasikia, kwa sababu anainama kwenye kopo lake kana kwamba kuna kitu kimeangukia humo. Nyumbani jina la Taja halitajwi tena. Chumvi inatoka kwenye kopo kimya kimya. Miezi mitatu nililiomba jambo hilo kila usiku, na sasa nimelipata, nakula chakula changu nikiwaza ningefanya nini ili mke wangu amtaje tena.